Bibi yangu kamaliza mwaka mmoja

Jumamosi tulikua Kibosho, bibi katimiza miaka 84, mtori umepikwa kwenye lile sufuria la shughuli, afu mimi bila kuulizwa na mtu nikasimama nikasema bibi hongera umemaliza mwaka mmoja. Baba wadogo wakaniangalia kama mbege ishapanda kichwani. Ila ni kweli jamani, sayari ya Uranusi inazunguka jua mara moja kwa miaka 84, yani toka bibi azaliwe ndo kwanza inarudi pale ilipokua.

Shuleni tulikariri tu, Zohali afu Uranusi afu Neptuni, ubao ukafutwa tukaenda kucheza. Mi naona tulipunjwa. Mbona hakuna aliyetuambia kwamba hii sayari imelala ubavu? Dunia yetu ni kama pia iliyoinama kidogo, Uranusi yenyewe mhimili wake umeinama nyuzi 98, kwaiyo inabingirika kama tairi bovu ambalo watoto wanalisukuma na fimbo. Matokeo yake ncha moja inakaa na jua miaka 42 mfululizo, afu giza miaka 42. Bibi angezaliwa pale nchani jua likichomoza, angekua, angeolewa, angezaa wote saba, ndo jioni iingie.

Na hili jina la "jitu la barafu" ambalo wataalamu wameipa Uranusi ndo linanikera kabisa. Sisi wa Moshi ukitaja barafu tunageuza shingo kuangalia Kibo, hata kambi wanayolala wapandaji kabla ya kutafuta kilele inaitwa Barafu. Sasa mtoto si atajua Uranusi ni Kibo la duara? Wapi, huko hata pa kukanyaga hakuna. Juu ni haidrojeni na heliamu, na methani ndo inaipa ile rangi ya bluu ya kijanikijani, baridi inafika nyuzi 224 chini ya sifuri, ila ukizama ndani ni rojo zito la maji, amonia na methani limebanwa mpaka joto ni maelfu ya nyuzi, na wataalamu bado wanaliita barafu! Mi ningeliita mtori. Juu umepoa umeweka utando, unajiamini unachota chini, ulimi umekwisha.

Aliyeigundua ni William Herschel, 1781, kule Bath Uingereza, mwanzo alidhani ni nyota mkia. Alifariki 1822 ana miaka 83, mwaka mmoja wa sayari yake mwenyewe hakuumaliza, bibi kampita. Toka aione imerudi pale 1865, ikarudi 1949, inayofuata ni 2033. Na chombo kilichowahi kufika karibu ni kimoja tu, Voyager 2, Januari 1986, kikapita zake kama mgeni anayesalimia akiwa mlangoni.

Yote haya nilimweleza bibi kwa Kichagga changu cha kuungaunga. Akatulia, akauliza, hiyo miaka 42 ya giza, ndizi zinakomaaje? Nikamwambia bibi huko hata udongo hakuna. Akasema haya, sogeza bakuli nikuongeze.