Bahari Haijui Jumanne

Mwanamichezo wa triathloni anayejiandaa kwa mbio ndefu, yaani kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, zote katika siku moja, huyahesabu maisha yake kwa wiki. Ukimuuliza hali, atakujibu kwamba yuko katika wiki nzito, au wiki nyepesi, au kwamba zimebaki wiki sita. Kwa wanaolipwa kushindana, saa 25 hadi 30 za mazoezi kwa wiki si jambo la ajabu. Ninalotaka kulipima hapa ni nani anayefaa kuiandika wiki hiyo: kocha, ambaye kwa mtu anayeishi Tanga karibu kila mara atakuwa mbali na atamfundisha kwa simu, au mwanamichezo mwenyewe. Mfano wangu ni mtu anayejinoa kwa ajili ya mashindano ya Gqeberha, Afrika Kusini, ambayo kwa kawaida hufanyika kati ya Machi na Aprili. Kwa hiyo miezi yake mizito ni ile ya kaskazi, wakati jiji la Tanga limefunikwa na joto.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka ajiandikie ratiba iko baharini, na kwa maoni yangu ndiyo hoja yao bora. Ratiba ya kocha wa mbali hufuata siku za juma: Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, kuogelea kilomita nne kwa vipande vya mita 400. Bwawani agizo hilo halina tatizo. Ufukweni Raskazone, hapa Tanga, ni habari nyingine, kwa sababu saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na ukizidisha dakika hizo kwa siku saba unapata karibu saa sita, ambao ndio muda unaotenganisha kujaa na kupwa. Jumanne hii ukikuta bahari imejaa alfajiri, Jumanne ijayo saa ile ile utaikuta imekupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni na kupwa kwenye saa nne, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita tatu. Anayeingia majini saa kumi na mbili asubuhi siku kama hiyo huyakuta maji yakitoka kwa nguvu. Kipande cha kufuata mkondo atakiogelea kwa muda wa kujisifia, cha kurudi kwa muda wa kujuta, na saa yake ya mkononi itampelekea kocha tarakimu zisizosema lolote kuhusu hali ya mwili wake. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mkondo hupoa, na hizo ndizo siku za kupima kasi. Mvuvi yeyote wa Sahare analijua hilo bila kufungua kitabu.

Mtu anayejiandikia ratiba anaweza basi kuliacha juma na kufuata nusu mwezi. Siku za maji mafu ataogelea kwa kasi. Siku za bamvua ataogelea polepole jioni wakati maji yametulia juu, au ataiacha bahari kabisa na kupanda baiskeli. Binafsi sijaona sababu yoyote ya mzunguko wa mazoezi kuwa wa siku saba, isipokuwa kwamba kalenda zimechapishwa hivyo na watu wengi hupumzika Jumapili. Watetezi wa kocha watasema kwamba jedwali la maji linaweza kutumwa kwa simu kama kitu kingine chochote, nao hawakosei. Hata hivyo, mwanamichezo anayelazimika kumweleza kocha kila siku hali ya maji, ya upepo na ya joto, kisha akasubiri jibu, kwa kiasi kikubwa ameshaifanya kazi ya kocha, na bado ada atailipa kwa dola.

Barabarani hoja hiyo inapoteza nguvu. Njia ya kwenda Horohoro ni ya kilomita 65 hivi, na wakati wa kaskazi safari ya kwenda, inayoelekea kaskazini, huwa kama kupanda mlima usioonekana, huku ya kurudi ikimfanya hata mchovu ajione bingwa. Njia ya Segera, inayopita Pongwe na Muheza, ina zaidi ya kilomita 70 na malori yasiyomhurumia mtu. Anayetazama kasi pekee atadanganyika katika njia zote mbili. Lakini baiskeli za daraja hili hufungwa kipima nguvu, na wati 250 kuelekea upepo ni zile zile wati 250 upepo ukiwa mgongoni. Kocha aliyeketi Ulaya huzisoma tarakimu hizo sawasawa na anavyozisoma za mwanafunzi wake wa jirani, kwa hiyo kwenye baiskeli umbali haumnyimi mengi.

Katika kukimbia jambo kubwa ni joto. Hewa ya pwani ikishiba unyevu, jasho halikauki upesi mwilini, mwili hushindwa kujipoza, na mapigo ya moyo hupanda ingawa kasi haijabadilika. Agizo la kukimbia kilomita moja kwa dakika nne, lililoandikwa na mtu anayeishi kwenye baridi, linaweza kugeuka Februari kuwa zoezi gumu kuliko lile alilokusudia mwandishi. Mwenyeji huliona hilo mara moja na kupunguza kasi. Tatizo ni kwamba mwenyeji huyo huyo huona yale tu yaliyo mbele yake. Bahari ya Gqeberha ni baridi kuliko yetu, na washindani huiogelea wakiwa wamevaa suti za mpira zinazobana mabega na kubadilisha namna mwili unavyoelea. Suti hiyo ukiivaa Tanga kwa nusu saa utajiona unachemshwa, na ndiyo maana ni rahisi kuiacha ndani ya begi hadi siku ya safari. Kocha wa nje angeliandika zoezi la suti katika ratiba bila kusita, hata kama ni la dakika 15 alfajiri, kwa sababu yeye anaitazama siku ya mbio na hababaishwi na joto la leo.

Kuna pia mambo ambayo mtu hawezi kuyaona kwake mwenyewe hata akiwa na akili nyingi kiasi gani. Mkono wa mwogeleaji unaovuka mstari wa kichwa, au miguu inayozama anapogeuka kuvuta pumzi, haviwezi kuonekana na mwenye mkono na miguu hiyo. Mwogeleaji wa kulipwa humaliza kilomita 3.8 kwa chini ya saa moja, na katika siku inayochukua saa nane hivi mtu anaweza kudhani kwamba sehemu hiyo ni ndogo. Si ndogo, kwa kuwa anayeachwa na kundi majini hupanda baiskeli akiwa peke yake, na wenzake aliowakosa hataweza kuwapata bila kutumia nguvu alizozihifadhi kwa ajili ya marathoni.

Mfano mwingine ni wa madafu. Hapa kwetu dafu huaminiwa kama dawa ya kila uchovu, nami silidharau hata kidogo. Lakini maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hutoa zaidi sodiamu. Anayeendesha baiskeli saa tano katika joto akitegemea madafu hurudisha maji mwilini na kuiacha chumvi ikipungua. Vilevile wataalamu wa lishe wanashauri gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa katika mbio ndefu, na siku hizi baadhi ya washindani hufika gramu 120, jambo ambalo tumbo lazima lifundishwe kwa wiki nyingi. Anayejifundisha mwenyewe hurithi mazoea ya nyumbani pamoja na faida zake, na hana mtu wa kumuuliza kwa nini anafanya hivyo. Kwa upande mwingine, kwa miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, katikati ya miezi mizito, na mfungaji anayejiandikia ratiba anaweza kuhamishia zoezi gumu usiku baada ya futari bila kuomba ruhusa ya mtu asiyejua tofauti ya futari na daku.

Wanaobishana juu ya suala hili hupenda kutaja majina makubwa, na majina hayo hayaamui chochote. Wanorwe walijenga mfumo wao juu ya vipimo vya damu na usimamizi wa Olav Aleksander Bu, na Kristian Blummenfelt akapata dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021, kisha ubingwa wa dunia wa mbio ndefu huko St. George, Utah, Mei 2022. Aliyemfuata siku hiyo ya St. George alikuwa Lionel Sanders wa Kanada, ambaye pia alishika nafasi ya pili katika ubingwa huo huo wa dunia huko Hawaii mwaka 2017. Sanders amefundishwa na makocha kwa vipindi fulani, na kwa vipindi vingine amejisimamia mwenyewe. Kila upande humtumia kama shahidi wake, na hilo peke yake linatosha kutufundisha tahadhari: mtu mmoja aliyejaribu njia zote mbili na akabaki miongoni mwa walio bora hathibitishi kwamba mojawapo ndiyo iliyomfikisha hapo.

Waswahili husema mganga hajigangi, na methali hiyo hutajwa haraka sana katika mjadala huu, kana kwamba tatizo la anayejifundisha ni upungufu wa maarifa. Siamini hivyo. Maarifa ya kupanga mazoezi yanapatikana, na mwanamichezo mwenye bidii huweza kuyajua kuliko makocha wengi. Tatizo langu ni wiki mbili za mwisho. Imekubalika kwa upana kwamba kabla ya mbio ndefu wingi wa mazoezi upunguzwe kwa karibu nusu kwa muda wa siku 14 hivi, huku ukali wake ukibaki, kwa sababu kazi inayofanywa siku hizo haiwahi tena kuongeza nguvu ya siku ya mbio, ilhali uchovu wake huwahi. Kila anayejifundisha anaijua kanuni hiyo. Kisha hufika siku ya tano, miguu inakuwa mizito kwa kupumzika, usingizi unakatika, mtu anaanza kujiona amepoteza kila alichokijenga tangu Januari, na anatoka kwenda Muheza na kurudi ili ajiridhishe. Mwenye hofu na mwenye kalamu ni mtu yule yule, na katika mashauri ya namna hiyo hofu huwa haikosi kura.

Kwa hiyo msimamo wangu si wa katikati kwa ajili ya kuwapendeza wote. Kwa mwanamichezo wa Tanga, ratiba iandikwe na yeye mwenyewe, kwa kuwa bahari, joto na mwezi wa mfungo anavijua yeye. Lakini haki ya kufuta apewe mtu mwingine: haki ya kufuta tu, si ya kuongeza. Mtu huyo si lazima awe kocha. Anaweza kuwa mke, mume, au mwenzake wa mazoezi, mradi awe anapokea kila asubuhi mapigo ya moyo ya kuamkia, saa za usingizi na hali ya hamu ya kula, na mradi makubaliano yafanywe mwezi mmoja kabla, wakati mwanamichezo angali na utulivu. Umbo la kuogelea lichukuliwe picha za video na kupelekwa kwa fundi wa kuogelea mara moja kwa mwezi. Hilo halihitaji mkataba wa mwaka mzima.

Siku 14 za kupunguza mazoezi zinakaribia nusu mwezi, kwa hiyo kwa vyovyote zitapitia kipindi kimoja cha maji mafu. Asubuhi moja ya kipindi hicho ndiyo ya kuogelea kwa kasi kwa mara ya mwisho, mwenye haki ya kufuta akiwa ameketi ufukweni Raskazone na saa mkononi na karatasi ya ratiba mapajani. Mwogeleaji akitoka majini akauliza kama anaweza kuongeza kipande kimoja tu, karatasi iko kwa mwenzake.