Laptopu yangu ilivyomtukana Baba Mkubwa mbele ya kamati ya harusi

Naomba niongee sasa hivi kabla ile video ya laptopu yangu ikirusha matusi ukutani kikaoni haijavuka Manyoni. Najua wengi mmeshaiona. Mshikaji wangu aliyeirusha kwenye status ameiandikia "Jini la ahadi laonekana Dodoma", na asubuhi hii mama mmoja wa jirani amenishauri niipeleke laptopu kwenye maombi. Siyo jini. Siyo virusi. Wala sikudukuliwa, kama mnavyosema kwenye grupu la ukoo kwa kunionea huruma. Ile ni DocumentListener, kipande cha programu kinachosikiliza unachoandika, na ilikuwa inafanya kazi niliyoituma, tena kwa bidii kuliko mimi mwenyewe ninavyofanya kazi yoyote.

Kikao ni kile cha Jumapili, cha mwisho kabla ya harusi ya kaka. Ukumbi ni ule wa mabati nyuma ya baa, upepo unaingiza vumbi kwenye soda za watu, projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani. Na mimi ndiye niliyejitolea "kuweka michango kwenye mfumo". Hakuna aliyeniomba. Daftari la shangazi, ambaye ndiye mweka hazina, lilikuwa linafanya kazi vizuri kabisa tangu kikao cha kwanza.

Programu niliiandika kwa Java, lugha ya kuandikia programu, na madirisha yake ni ya Swing, vifaa vya Java vya kuchora madirisha na vitufe. Ninyi mnaojua, anzeni kunicheka sasa hivi: ndiyo, Swing ile iliyokuja na Java 2 mwaka 1998, ina umri wa kuwa yenyewe mjumbe wa kamati ya harusi. Ndiyo niliyofundishwa chuoni, na haihitaji bando. Tuendelee.

Kwa msiojua, nitawaeleza haraka kwa sababu bila hili hamtaelewa kwa nini mzee wa watu alisimama. Kitufe kina adabu. Unakiwekea ActionListener, yaani msikilizaji wa kubonyezwa, kinakaa kimya mpaka mtu akibonyeze. Akibonyeza, actionPerformed inaitwa, unachukua maneno ya kwenye kisanduku kwa getText(), unatafuta jina, unatoa jibu, basi. Hata kisanduku chenyewe, JTextField, ukikiwekea ActionListener kitasubiri mtu abonyeze Enter ndipo kishtuke.

Mimi nikaona kitufe cha "Tafuta" ni ushamba. Simu zinatafuta huku unaandika, kwa nini michango ya ukoo wetu isitafutwe hivyo? Nikaweka DocumentListener. Hiyo haisubiri kitufe wala Enter. Herufi moja ikiingia inaita insertUpdate, ikifutwa inaita removeUpdate. Ni jirani anayekujibu kabla hujamaliza kubisha hodi, na ukigeuka kuondoka anakujibu tena. Kuna ya tatu, changedUpdate, ambayo kwenye kisanduku cha maandishi ya kawaida haiitwi kabisa. Hiyo ndiyo pekee niliyoiacha tupu.

Sasa programu ikishtuka inaangalia: jina lililoandikwa limo kwenye orodha ya waliolipa? Likiwemo, inaandika AMELIPA kwa kijani pamoja na kiasi. Lisipokuwemo, inarusha kidirisha cha ujumbe katikati ya skrini. Usiku wa kuamkia Jumapili nilihitaji maneno ya kuweka kwenye kidirisha hicho. Mtu aliyelelewa angeandika "Jina halijapatikana". Mimi, saa nane usiku, nikiwa na chipsi zilizopoa pembeni, nikaandika:

WEWE BAHILI, LIPA AHADI!

Nilicheka peke yangu mpaka nikajiziba mdomo nisiamshe watu. Nikasema asubuhi nitabadilisha. Asubuhi nikawa nazunguka na bodaboda Area C nzima kutafuta waya wa projekta.

Na msiniulize kama niliijaribu. Niliijaribu sana! Ila nilikuwa nanakili jina zima na kulipachika kwa Ctrl+V. Ukipachika, jina linaingia lote kwa mkupuo, insertUpdate inaitwa mara moja, jina linapatikana, kijani kinawaka. Safi. Sikuwahi kuandika jina kwa kidole kama binadamu.

Haya. Mwenyekiti akasema kijana wetu atuonyeshe teknolojia. Nikapigiwa makofi. (Makofi hayo nayakumbuka vizuri, ndiyo ya mwisho.) Akauliza tuanze na nani. Pale mbele amekaa Baba Mkubwa wa Kongwa, koti, kofia, fimbo. Alipoingia alisalimia ukumbi mzima kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", na wote tukaitikia. Huyu ndiye aliyeuza mahindi Kibaigwa akaleta laki tano taslimu kabla hata kadi hazijachapishwa. Kwenye orodha ameandikwa hivyohivyo anavyojulikana: Baba Mkubwa Kongwa. Nikasema nitaanza na mzee, ili kijani kiwake na watu waone mfano wa kuigwa.

Nikamwachia shangazi kibodi. Shangazi anaandika kwa kidole kimoja na macho hayatoki kwenye herufi. Ukutani haangalii kabisa.

Akabonyeza B.

Kidirisha kikaruka. Ukutani, urefu wa mtu mzima: WEWE BAHILI, LIPA AHADI! Kando yake kile kialama cha duara chenye herufi i, maana yake "taarifa".

Shangazi hajaona. Anaendelea: a, b, a. Herufi hizo haziendi kokote, kidirisha kimezimeza. Akabonyeza kitufe cha nafasi. Na kitufe cha nafasi, wakuu, kwenye kidirisha cha Swing kinabonyeza OK. Kidirisha kikafungika. Nikapumua. Akabonyeza M. Kikarudi. Akaendelea k-u-b-w-a, vyote vikamezwa, akapiga nafasi, kikafungika. Akabonyeza K. Kikarudi. Akamaliza o-n-g-w-a, akaweka mikono mapajani kama aliyemaliza mtihani, ndipo akainua macho.

Kwenye kisanduku kumeandikwa BMK. Juu yake, WEWE BAHILI.

"BMK ni nani?" akauliza mtu wa nyuma.

Ukumbi ukacheka kidogo, kile kicheko cha heshima, wanadhani ndiyo mzaha wa kufungulia kikao. Baba Mkubwa hajacheka. Amevaa miwani yake, ameinua kidevu, anasoma kwa sauti kama anasoma barua kutoka wilayani: "We-we... ba-hi-li..."

"Shangazi, futa," nikamnong'oneza. "Futa tuanze upya."

Nikasahau kwamba kufuta nako kunasikilizwa. Nikabonyeza OK, shangazi akafuta K. WEWE BAHILI, LIPA AHADI! Nikabonyeza OK, akafuta M. WEWE BAHILI, LIPA AHADI! Nikabonyeza OK, akafuta B, kisanduku kikabaki kitupu. Hakuna jina. Hakuna herufi. Hakuna mtu anayetafutwa katika Tanzania yote. WEWE BAHILI, LIPA AHADI!

Hapo kicheko kikakata. Nikasikia mabati yanavyogonga kwa upepo.

"Mwanangu," Baba Mkubwa akasema, polepole, "mimi ndiye ulikuwa unanitafuta humo?"

"Shikamoo baba," nikasema. Nilikuwa nimeshamwamkia mara ya kwanza mlangoni. Ndilo jibu lililokuja.

"Marahaba. Andika tena. Andika mpaka mwisho, tuone inasema nini."

"Baba, naomba kwanza nirekebishe..."

"Andika."

Sasa "Baba Mkubwa Kongwa" ukihesabu na nafasi zake ni herufi 18. Nilizihesabu pale pale kichwani. Na ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na tumaini moja: ya kumi na nane ikiingia, jina litakuwa kamili, litapatikana, kijani kitawaka, laki tano itasomeka ukutani na mzee ataelewa kwamba yote yale yalikuwa ni mashine inamsubiri amalize jina. Kwa hiyo tukaanza. Shangazi anabonyeza herufi, mimi nabonyeza OK. B, bahili. a, bahili. b, bahili. a, bahili. Mzee anaitikia kwa kichwa kila mara. Nafasi, bahili. Watoto waliokuwa nje wamejaa dirishani na wameshakariri. Kufika "Mkub" wanaisema kwa pamoja kabla haijatokea. Mwenyekiti anasafisha miwani ambayo haikuwa chafu. Mashemeji watarajiwa, upande wa bibi harusi, waliokuja kutuangalia sisi ni watu wa namna gani, wanatuangalia.

K, bahili. o, bahili. n. g. w. Nikamgeukia mzee kabisa, nikanyoosha mkono ukutani kama MC anayekaribisha keki, nikasema, "Baba, hapa sasa."

Shangazi akabonyeza a.

WEWE BAHILI, LIPA AHADI!

Nitawaambia kilichotokea, ingawa kwa wakati ule niliamini ni mkono wa mtu. Shangazi alipokuwa ananiingizia orodha, baada ya "Kongwa" aligusa kitufe cha nafasi. Kinafasi kimoja mwishoni, hakionekani kwa macho. Kwa Java, jina lenye kinafasi na jina lisilo na kinafasi ni watu wawili wasiofahamiana. Dawa yake ni trim(), neno la herufi nne na mabano. Sikuweka.

Baba Mkubwa akasimama. Hakupaza sauti. Alisema mahindi aliuza gunia ngapi, kwa bei gani, na basi gani alipanda kuja kuleta hela, kisha akauliza kama kuna mtu hapa ukumbini mwenye daftari la karatasi. Shangazi akalitoa mkobani. Kumbe alikuja nalo. Likasomwa: laki tano, namba moja, na tiki nyekundu. Makofi. Mzee akakaa.

Mimi nikakimbilia alama ya X pembeni ya dirisha. Programu ikatoweka, ikabaki picha ya maharusi kwenye skrini, wanatabasamu. Nikaenda kukaa nyuma karibu na kreti za soda.

Kumbe haikuwa imefungwa. JFrame ya Swing, yaani dirisha kuu la programu, usipoiambia vinginevyo, ukibonyeza X inajificha tu. Dirisha linaondoka machoni, programu inaendelea kuishi. Na ndani yake kulikuwa na Timer, saa ya kengele ya programu, niliyoiweka kila dakika 10 imkumbushe shangazi wanaodaiwa, ikitumia ujumbe ule ule, maana uvivu wangu hauandiki kitu mara mbili.

Hapa ndipo video inapoanzia. Kikao kimefikia sala ya kufunga. Watu wote wamesimama, vichwa chini, macho yamefumbwa. Mzee wa kanisa anaomba, sauti nzuri, nzito: "...na uwabariki, Baba, hawa wote waliojitoa kwa moyo wa ukarimu..." Na pale ukutani, juu ya paji la uso la bwana harusi, kimya kimya, kikajitokeza.

Mimi nilikiona kwa sababu nilikuwa nimefumba jicho moja tu. Mshikaji alikiona kwa sababu alikuwa anarekodi. Nikatambaa. Kweli nilitambaa, katikati ya viti, ndiyo yule mtu mnayeuliza ni nani anayepita chini ya skrini kama mjusi. Nilipofika kwenye meza, watoto wa dirishani wakakisoma kwa sauti moja, na mzee wa kanisa akiwa bado amefumba macho akasema "Amina".

Mengine mafupi. Nilichomoa waya wa projekta. Nilimpigia magoti Baba Mkubwa, akaniambia inuka, vumbi. Jioni ile ile nikaweka kitufe cha Tafuta chenye ActionListener, nikaweka trim(), nikaweka EXIT_ON_CLOSE ili X iizime programu kweli, nikabadilisha maneno kuwa "Samahani, jina halijapatikana". Nikampelekea shangazi nyumbani Nkuhungu aone.

Hakutaka hata kuifungua. Alikuwa anahesabu hela. Tangu kikao kiishe simu yake haijapumzika. Wale wote waliokuwa wanasema mwisho wa mwezi, wengine wa singo wengine wa dabo, wanatuma, na kila mmoja anaomba jambo moja, kwamba jina lake lisiandikwe kwenye ile mashine. Na jana mwenyekiti wa kamati ya sendoff moja kule Chang'ombe amenipigia anataka kuikodi. Nikamwambia nimeshairekebisha, sasa ina heshima. Akanyamaza kidogo, akauliza kama ile ya mwanzo bado ninayo.