Abiria wa sitahani nao wakumbukwe

Sanduku la bati la marehemu babu liko bado chini ya kitanda, nyumbani kwetu Mombasa. Pembe zimeshika kutu, na mfuniko umebonyea pale alipokuwa akilikalia njia nzima kutoka Bombay. Sitahani hapakuwa na kiti. Ulitandika mkeka wako, ukaweka sanduku kichwani, na hapo ndipo palipokuwa kwako mpaka Kilindini.

Meli ilikuwa ya British India Steam Navigation, zile zenye dohani nyeusi na mistari miwili myeupe. Kampuni hii aliianzisha Mskoti William Mackinnon mwaka 1856, ipeleke barua kati ya Calcutta na Rangoon. Mwaka 1872 ikaanza kuleta barua Unguja kutoka Aden, na kwa njia hiyo Mackinnon akawa mtu wa karibu wa Sultani Barghash. Kufika 1888, kampuni yake nyingine, Imperial British East Africa, ilikuwa na hati ya kifalme ya kutawala huku kwetu. Ndiyo maana huniudhi kusikia kwamba Kenya ilianza na reli. Reli ilianza kujengwa 1896, na vibarua wake wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi walivuka bahari kwanza.

Wanaoandika habari za kampuni hii hupenda zaidi Kenya na Uganda, meli mbili nzuri za miaka ya 1950 zilizokwenda London. Uganda ilikuja kuwa meli ya wanafunzi, ikawa hospitali katika vita vya Falklands mwaka 1982, na mwaka 1986 ikapelekwa Taiwan kukatwa vyuma. Picha zake zimejaa kila mahali.

Je, Tilawa, meli nyingine ya kampuni hiyo? Iliondoka Bombay Novemba 1942, ikija Mombasa na kuendelea hadi Durban. Usiku wa kuamkia tarehe 23 manowari ya Kijapani ikaipiga kombora. Watu wakashuka kwenye mashua. Meli haikuzama mara moja, wengine wakaanza kurudi ndani, na hapo ndipo kombora la pili lilipowakuta. Walikufa watu 280. Waliookolewa walikaa baharini siku mbili, kisha wakarudishwa Bombay.

Hao walikuwa wageni wetu, wanakuja kwetu. Nimepita Kilindini mara nyingi, sijaona jina lao popote. Naomba wenye bandari wawawekee kibao palepale gatini, abiria na mabaharia pamoja, kielekee baharini.