Inhela yangu siiachi mlangoni mwa pango

Video yenyewe haifiki hata dakika moja. Mwanamke aliyevaa nguo nyeupe anaingia pangoni taratibu, zumari inalia kwa mbali, anafumba macho, anavuta pumzi ndefu, anatabasamu. Yanapita maandishi: hewa ya pango hutibu pumu, mzio, shinikizo la damu na uchovu wa akili. Halafu, kana kwamba hayo hayatoshi, anatoa mkobani inhela, kile kifaa cha kuvuta dawa ya pumu, na kuiweka juu ya jiwe. "Acha inhela yako mlangoni." Ikafuata namba ya kuweka nafasi.

Aliyenitumia ni shangazi. "Mwanangu, hii si ndiyo dawa yako?" Shangazi ananipenda. Nikiwa na miaka tisa alikesha nami usiku mzima, mimi nimeinama mbele, mikono magotini, kifua kinapiga mluzi, yeye ananisugua mgongo na kuhesabu pumzi zangu kwa sauti ili nisizimie kwa woga. Mtu wa namna hiyo hajibiwi ovyo. Ndiyo maana nimekuja kumalizia hasira huku.

Mapango nayapenda, mjue hilo kwanza. Nimeingia kadhaa, nimetambaa kwa tumbo mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angegeuza, nimegonga kichwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nataka mapango yafunguliwe, yawekewe ngazi na taa za maana, na vijana wanaoishi jirani nayo wapate kazi. Sina ugomvi na utalii wa mapangoni. Ugomvi wangu ni na huyu aliyeona pango halitoshi kuwa pango, mpaka liwe hospitali.

Haya, nimpe haki yake, ingawa kwa shingo upande. Hewa ya ndani ya pango kweli ni tofauti. Ukishapita sehemu ya mlangoni, joto halipandi wala kushuka sana mwaka mzima, unyevu ni mwingi, chavua za maua ni chache na vumbi la barabarani halifiki. Anayesumbuliwa na chavua anaweza kukaa humo saa moja akajisikia mwepesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani wa mji wa Ennepetal walijikinga na mabomu ndani ya pango la Kluterthöhle, na baadhi ya wenye pumu wakasema wanapumua vizuri zaidi. Daktari wa huko, Karl Hermann Spannagel, akalifuatilia jambo hilo, na tangu hapo Ulaya ya Kati na ya Mashariki ikawa na utaratibu wa kuwalaza wagonjwa chini ya ardhi. Poland walianza hata kabla ya hapo katika mgodi wa chumvi wa Wieliczka, na mpaka leo wana kituo cha tiba mita 135 chini. (Ule ni mgodi, si pango, lakini wenye vipeperushi hawajali tofauti ndogondogo kama hizo.)

Sasa uliza: limethibitishwa nini? Mwaka 2001 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyachuja, lilitafuta ushahidi wa tiba ya pangoni kwa wenye pumu. Majaribio yaliyokidhi vigezo yalikuwa matatu. Watoto 124 kwa jumla. Kati ya hayo matatu, moja tu ndilo lilifanywa kwa ubora wa kuridhisha. Dalili za nafuu ya muda mfupi zilikuwapo, lakini jopo likasema ushahidi hautoshi kutoa hukumu ya kuaminika. Watoto 124! Daladala chache tu zinawabeba wote na nafasi inabaki, na juu ya hao mtu amejenga ujasiri wa kuniambia niache inhela juu ya jiwe.

Tena angalia alichochagua kuacha. Mwenye pumu anajua kwamba kujisikia vizuri si sawa na kupona. Njia za hewa zinaweza kuwa zimevimba kimyakimya huku wewe unacheka na wenzako. Shambulio halipigi hodi. Na pangoni kuna kupanda ngazi, kuna baridi, kuna moyo kwenda mbio unapopita penye upenyo, yaani yale yale yanayoweza kuamsha pumu. Na kutoka humo hadi kwenye gari la wagonjwa ni mwendo. Kama kuna mahali pamoja duniani ambapo inhela inapaswa kuwa mfukoni, ni humo.

Anayedhani naongeza chumvi akasome kisa cha Mammoth, pango kubwa la Kentucky, Marekani. Mwaka 1839 lilinunuliwa na daktari, John Croghan. Hakuwa tapeli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa msomi, aliamini kwa dhati. Aliona joto la humo halibadiliki, aliona vitu haviozi upesi, akasikia kwamba waliowahi kuchimba shura (chumvi ya kutengenezea baruti) humo walikuwa na afya njema, akajumlisha moja na moja akapata kumi: hewa hii itaponya kifua kikuu. Mwishoni mwa 1842 akawaingiza wagonjwa zaidi ya kumi. Vibanda vya mbao na vya mawe vikajengwa ndani, gizani, na watu wakaishi humo kwa wiki na miezi, mchana na usiku.

Jaribu kuwaza. Wanakohoa, na hewa imetulia tuli. Wanapika, na moshi hauna pa kwenda. Wanawasha taa za mafuta, moshi mwingine. Jua hawalioni. Wakazidi kudhoofika, wengine wakafia humo humo, na mwanzoni mwa 1843 jaribio likaisha. Vibanda viwili vya mawe bado vimesimama, watalii wanapiga navyo picha. Croghan mwenyewe akafa mwaka 1849. Kwa kifua kikuu.

Katika kisa hicho kuna jambo ambalo huwa linapitwa haraka. Muda wote huo biashara ya utalii haikusimama. Wageni waliendelea kuingizwa, wakipishana na wale waliokonda wanaokohoa kwenye mwanga hafifu wa taa. Na waliowaongoza wageni hao walikuwa watumwa. Mmoja wao, Stephen Bishop, ndiye aliyelijua pango lile kuliko mtu yeyote wa wakati wake, na mwaka 1842 alilichorea ramani. Wagonjwa walikuja na matumaini yao, wageni walikuja na fedha zao, ila waliovuta ule moshi siku nenda siku rudi ni wale ambao hakuna aliyewauliza kifua kinaendeleaje.

Croghan walau ana udhuru. Robert Koch alikuja kumtangaza mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882, miaka arobaini baadaye. Mwenye video ana udhuru gani, na simu anayo mkononi?

Hapo kwenye waongozaji ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana kila makala ya "pango na afya" ninayokutana nayo inazungumzia mapafu ya mgeni. Mgeni ambaye anakaa saa moja! Anaingia, anashangaa, anatoka, anakunywa soda. Aliyemwongoza anageuka na kundi la pili. Halafu la tatu. Kesho vivyo hivyo, na mwakani.

Ndani ya mawe na udongo kuna urani kidogo, madini yenye mionzi, na yanapovunjika kwa taratibu zake za miaka mingi hutoa gesi ya radoni. Haina rangi, haina harufu. Nje inapeperuka na upepo. Pangoni, kusiko na mzunguko mzuri wa hewa, inajikusanya. Shirika la Afya Duniani linaitaja kuwa chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu, cha pili baada ya sigara, na linashauri kiwango cha ndani ya nyumba kisizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa kila mita ya ujazo, na pale inaposhindikana kisipite 300. Kuna mapango ya utalii yaliyopimwa yakakutwa na maelfu. Kwa mgeni wa saa moja si jambo la kumkosesha usingizi, na sitaki mtu aanze kuogopa mapango kwa sababu yangu. Lakini hesabu ya radoni ni hesabu ya muda, na mwenye muda mwingi humo ni mwongozaji. Nchi zinazochukulia mambo kwa uzito hupima hewa na kufuatilia saa ambazo mfanyakazi anakaa chini. Kipimo chenyewe ni kifaa kidogo tu. Sijawahi kuona kipeperushi cha "hewa ya uponyaji" kinachotaja kipimo hicho, na nimeshasoma vipeperushi vingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye shughuli zake.

(Wapo pia wanaolipa ili waivute radoni kwa makusudi. Gastein, Austria, wagonjwa wa maungio wanaingizwa kwenye handaki lenye joto na radoni, wakiwa chini ya uangalizi wa madaktari. Wakubaliane na madaktari wao. Mimi simo.)

Popo nao wana lao. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon nchini Kenya, waliugua Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, wakafa. Mwaka 2008 mtalii Mholanzi alifariki kwa ugonjwa huo huo baada ya kuingia Pango la Chatu nchini Uganda, lenye maelfu ya popo wala matunda. Popo hawana kosa, wako kwao. Jibu halikuwa kuwaua. Uganda likajengwa jukwaa la kuwatazamia kutoka mbali, na mgeni bado anarudi nyumbani na la kusimulia. Huo ndio uendelezaji wa utalii wa mapango unaohusu afya, bila zumari.

Afya ya pango lenyewe ndiyo hata haitajwi. Lascaux, Ufaransa, kwenye ile michoro ya kale ya ng'ombe na farasi, walifungulia watu mwaka 1948. Miaka michache baadaye wageni walifikia kama 1,200 kwa siku. Pumzi zao, joto la miili yao na taa vikaleta unyevu, mwani wa kijani ukaanza kutambaa ukutani. Mwaka 1963 pango likafungwa. Sasa watu wanaingia kwenye nakala. Sisi tunasema tunakwenda kuvuta hewa safi ya pango, kumbe pango ndilo linalovuta yetu.

Basi hakuna faida yoyote ya kiafya? Ipo, na inanikera kwamba haitangazwi kwa kuwa haina muujiza. Unatembea, unapanda, unainama, unatumia misuli uliyoisahau. Simu haishiki mtandao. Safari moja mwongozaji alituomba tuzime taa zote, sote kwa pamoja, kwa dakika moja. Giza lile si la usiku. Usiku kuna nyota, kuna taa ya jirani, kuna kitu. Mle nilinyoosha mkono mbele ya uso nisiuone. Tone la maji likaanguka mahali fulani, kimya kirefu, likaanguka lingine. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kulia polepole, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Nilitoka nikiwa mtu mtulivu kwa siku mbili nzima. Nimejaribu kutafuta neno la kitabibu la hali ile, nikaliacha. Angeniuzia mtu dakika ile, kama ilivyo, ningelipa na kurudi.

Halafu taa zilipowashwa mwongozaji yule akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu aliyekizoea. Akaomba radhi, akatania kwamba pango linamdai, tukacheka tukaendelea. Nimekikumbuka kikohozi kile juzi nikitazama ile video kwa mara ya nne. Huenda kilikuwa mafua tu. Sikumuuliza amefanya kazi humo miaka mingapi. Nilikuwa na haraka ya kupiga picha.

Shangazi nilimjibu jana usiku. Nimemwambia twende wote, ngazi zina vishikio, atazimudu. Nimemwambia inhela itakuwa mfuko wa kulia, na ya akiba kwenye mkoba wake. Akajibu, "Sawa mwanangu, ila na mimi nina presha, wanasema inatibu." Nimempigia simu leo asubuhi kumwomba asiache vidonge vyake. Ameniahidi. Hapo hapo akaniuliza kama pango lina choo.