Chama cha upinzani kifungue daftari lake kwanza

Mwaka 1995, Augustine Mrema alipogombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, watu walilisukuma gari lake kwa mikono. Alipata karibu asilimia 28 ya kura. Mwaka 2000 akagombea tena, safari hii kupitia TLP, akaambulia chini ya asilimia 8, na NCCR haikuwa hata na mgombea urais. Katikati hapo kulikuwa na chama kimoja chenye pande mbili, kesi mahakamani na viongozi wanaorushiana maneno magazetini. Hata kama mkono wa nje ulikuwepo, ufa ulikuwa wa ndani. Wale waliosukuma gari waliuona.

Naanzia hapa kwa makusudi, kwa sababu mjadala wa upinzani Tanzania huanza na kuishia kwenye hila za dola. Hila hizo ni za kweli. Mikutano ya hadhara ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 uliisha CCM ikiwa na zaidi ya asilimia 99 ya vijiji, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vikubwa kujitoa. Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Aprili 2025 na kushtakiwa kwa uhaini, na CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura Oktoba mwaka huo. Katiba, ibara ya 41(7), hairuhusu mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa. Sipunguzi hata moja kati ya haya.

Ila mwananchi anayejua yote hayo bado ana swali la pili, na hilo halijibiwi na Tume ya Uchaguzi wala polisi: nikikupa kijiji, jimbo au nchi, nitajuaje kwamba hutakuwa kama walio madarakani? Hotuba hailijibu. Anatazama jinsi unavyoendesha kile ulicho nacho leo, hata kama ni tawi la chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka.

Kwa hiyo fedha kwanza, maana hapo ndipo panaponuka mapema. Mwaka 2013 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe, ilieleza kuwa vyama vilivyokuwa vikila ruzuku havikuwa vimewasilisha hesabu zilizokaguliwa kama sheria inavyotaka. CCM ilikuwemo, CHADEMA ilikuwemo. Kwa chama tawala ile ilikuwa aibu ya siku mbili. Kwa upinzani ilikuwa hasara kubwa zaidi, kwa sababu silaha yake kuu bungeni ni ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na huwezi kumsomea waziri hoja za ukaguzi huku zako zikiwa kwenye boksi.

Dawa yake haihitaji Katiba mpya. Michango ipokelewe kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, kamwe isiwe namba ya simu ya mweka hazina. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mweka hazina anagombana na mwenyekiti, anaondoka na laini yake, na fedha pamoja na orodha ya waliochangia vinaondoka naye. Akaunti iwe na watia saini wasiopungua wawili, na wasiwe ndugu. Kila mwezi, kabla ya tarehe 5, karatasi moja ibandikwe mlangoni mwa tawi: salio la mwezi uliopita, ada, michango, matumizi kifungu kwa kifungu, salio jipya. Tuseme tawi lina wanachama 60 wanaolipa Sh500 kwa mwezi. Hiyo ni Sh30,000. Inaweza kumaliza kodi ya chumba na kubakiza nauli ya katibu kwenda wilayani. Ni fedha ndogo, na ndiyo maana inafaa kuonyeshwa. Mtu akiona Sh4,000 ya karatasi na kalamu imeandikwa bila aibu, ataamini kidogo ukimwambia habari ya mabilioni.

Panapoharibika: ahadi za harambee zinaandikwa kama fedha taslimu, halafu salio la daftari na la benki havifanani. Stakabadhi za mwaka mzima zinaandikwa Desemba kwa wino mmoja na mwandiko mmoja. Mkaguzi anazitambua kabla hajakaa kitini. Na ule mkutano uliozuiwa baada ya vipaza sauti na gari kulipiwa unafichwa kwenye "mengineyo". Uandikwe hivyo hivyo: mkutano umezuiwa, kiasi fulani kimepotea. CHADEMA ilipoanzisha Tone Tone mapema 2025, kuchangisha kwa wananchi wa kawaida kwa viwango vidogo, ilikuwa hatua nzuri, na naamini vyama vyote vingefaa kuiga. Lakini anayechanga Sh1,000 ana haki ileile ya mfadhili wa milioni, naye anataka kuona kilichonunuliwa.

Sasa wagombea. Septemba 2007, viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya watu ambao CHADEMA iliwaita mafisadi. Edward Lowassa alikuwemo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, zabuni ya umeme wa dharura, akisema ameonewa. Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Julai 28, 2015 alihamia CHADEMA. Agosti 4, wiki moja tu baadaye, akapitishwa kugombea urais. Dk. Slaa akaachia ngazi. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM.

Watetezi wa uamuzi ule wana hoja nzito: kura za urais zilipanda kutoka karibu asilimia 27 za Slaa mwaka 2010 hadi karibu asilimia 40, zaidi ya kura milioni sita, na wabunge wakaongezeka. Ni kweli, na kiongozi wa chama anayepuuza hesabu hiyo hafai kuongoza. Tatizo ni kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Miaka minane chama kilikuwa kimemfundisha mpiga kura kipimo cha kumpimia mwanasiasa, kisha kikakivunja kwa siku saba bila maelezo yaliyomtosha mtu. Baada ya hapo wabunge na madiwani walipoanza kuhama kurudi CCM kwa maneno ya "kuunga mkono juhudi", mwananchi hakushangaa sana. Alishaonyeshwa kwamba mlango unafunguka pande zote.

Kinachotakiwa ni sheria ya ndani inayouma. Mtu asiteuliwe kugombea ubunge kabla ya kutimiza, mathalani, miezi 18 ya uanachama, na kifungu hicho kisiwe na kile kijimkia cha "isipokuwa Kamati Kuu itakapoona vinginevyo". Kijimkia hicho ndicho huwa kinakula katiba nzima ya chama. Matokeo ya kura za maoni yatangazwe kwa namba, kata kwa kata. Vikao vya juu vikimwacha mshindi, sababu zitolewe kwa maandishi ndani ya siku saba, naye apewe nakala. Orodha ya viti maalum ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa haipigiwi kura na wananchi. Novemba 2020 wanachama 19 wa CHADEMA waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum. Chama kikasema hakikuwateua, kikawafukuza, nao wakaendelea kukaa bungeni. Nani alisaini nini, mpaka leo watu hawakubaliani. Kama utaratibu wa kupata orodha ungekuwa umebandikwa mapema, pamoja na majina kwa mpangilio wake, ubishi ungekuwa mfupi.

Kuhusu uongozi sitakaa sana. Mbowe alishika uenyekiti wa CHADEMA tangu 2004. Profesa Lipumba ni mwenyekiti wa CUF tangu 1999, ukiondoa kipindi alichojiuzulu na kurejea. Ukimwambia mtu wa kawaida kwamba CCM imekaa madarakani muda mrefu mno, atakutazama usoni tu. Ndiyo maana usiku ule wa Januari 2025 pale Mlimani City ulikuwa na uzito: kura zikahesabiwa watu wakitazama moja kwa moja, Lissu akapata 513, Mbowe 482, na aliyeshindwa akakubali. ACT Wazalendo nayo ilibadilisha kiongozi wa chama Machi 2024, Zitto akampisha Dorothy Semu muda wake ulipokwisha. Hayo mawili yamejenga imani kuliko matamko mia. Kilichofuata CHADEMA, kundi la walioshindwa kuondoka na wengine kuhamia CHAUMMA, kimebomoa sehemu ya kilichojengwa, na pande zote mbili zina mchango wao hapo.

Mawakala wa vituoni ndipo imani inapopimwa kwa saa chache. Mwaka 2020 vituo vya kupigia kura vilizidi 80,000. Wakala mmoja na wa akiba mmoja kila kituo ni watu 160,000. Ukiwapa Sh10,000 tu ya chakula na nauli, unahitaji Sh1.6 bilioni kwa siku moja. Makao makuu hayana fedha hiyo, na yakiahidi yanadanganya. Wakala lazima atoke mtaa uleule, alishwe na tawi lake, na aanze kutafutwa mwaka mzima kabla. Chama kinachosafirisha vijana kutoka mjini kwenda kulinda kura kijijini kimekiri kwamba kijijini hakina mtu.

Mlolongo wa makosa unajulikana. Jina kwenye barua ya utambulisho limeandikwa Mohamedi, kwenye kitambulisho Muhammad; anarudishwa. Hakula kiapo cha kutunza siri kwa wakati, hatambuliki. Amefika, amekaa tangu asubuhi bila maji, saa kumi na moja jioni anatoka kutafuta mhogo, na kura zinahesabiwa hayupo. Au anasaini fomu ya matokeo ikiwa tupu kwa sababu msimamizi amemwambia "tuokoe muda". Mafunzo yake yawe ya vitendo, kwa fomu za mfano, na hesabu moja aikariri: kura halali ukijumlisha zilizoharibika lazima zilingane na zilizotoka kwenye sanduku, na hizo zisizidi majina yaliyowekewa alama kwenye daftari la wapiga kura. Fomu namba 21A ni ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Za kura tatu, nakala tatu. Picha ipigwe karatasi ikiwa imelazwa mezani, pembe zote nne zionekane, namba ya kituo na saini zisomeke, itumwe kwa watu wawili tofauti kabla hajatoka nje. Akinyimwa nakala au akitolewa kituoni, aandike saa, jina la kituo na walioshuhudia, siku hiyohiyo. Kumbukumbu ya wiki mbili baadaye haina meno.

Halafu, na hapa vyama vingi vinashindwa, chapisha fomu zote ulizonazo. Na zile ulizoshindwa pia. Kenya, mwaka 2022, tume yao iliweka mtandaoni fomu 34A, za matokeo ya urais, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mtu akajumlisha mwenyewe, na upande uliodai kuibiwa ukashindwa kuonyesha fomu zake zikisema vinginevyo. Mahakama ya Juu ikatupa madai. Anayesema ameibiwa halafu hana karatasi anawachosha hata wanaompenda. Anayeonyesha kwamba kata hii nilishinda, ile nilishindwa kihalali, na hizi saba mawakala wangu walitolewa nje saa fulani, huyo anasikilizwa.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu ndilo kubwa, nalo halihitaji kibali cha polisi. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Miaka yote mikutano ya vyama ilipozuiwa, huu haukuzuiwa. CCM ikishika asilimia 99 ya viti, wanachama wa upinzani wana haki ya kukaa humo asilimia mia moja. Wangapi huenda? Wanangoja jukwaa lenye bendera.

Watu watano waliojiandaa wanatosha. Mmoja amesoma muhtasari wa kikao kilichopita. Mmoja ana hoja za CAG zinazohusu halmashauri yao, ambazo hutoka hadharani kila mwaka karibu na Aprili, amezinakili kwa Kiswahili chepesi kwenye ukurasa mmoja. Mwingine anafuatilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, na amewasaidia vikundi kujaza fomu bila kuuliza kadi ya chama. Maswali yawe ya heshima na ya kujibika: mzee mwenyekiti, mifuko ya saruji iliyopokelewa ni mingapi, iliyotumika mingapi, iliyobaki ipo wapi na ufunguo anao nani? Asiyejibu atajulikana bila kuitwa fisadi. Akijibu vizuri, apongezwe palepale, mbele ya watu. Mpinzani anayeweza kumpongeza mwenyekiti wa CCM kwa choo cha shule kilichokamilika ataaminiwa siku atakaposema darasa limeliwa.

Na kama mkutano haujaitishwa miezi sita, barua ya kuomba uitishwe ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, saini zisipungue ishirini, za wakazi wa vyama vyote na wasio na chama. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, irudi tawini, ibandikwe mlangoni pembeni ya ile karatasi ya salio.