Uzbekistan: ardhi iende kwa kampuni za pamba au kwa familia?

Tangu Uzbekistan, nchi ya Asia ya Kati, ijitoe katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1991, ardhi yake imepangwa na kupanguliwa mara kadhaa. Mashamba ya ujamaa, yaani kolkhozi, yalibadilishwa majina, kisha yakavunjwa na vipande vyake vikakodishwa kwa wakulima wanaoitwa fermer. Kuanzia 2008 vipande hivyo viliunganishwa tena kwa amri, na wengi waliokwisha kukodi wakabaki mikono mitupu. Muda wote huo mwenye ardhi ni dola. Mkulima ni mpangaji tu.

Sasa mvutano uko kwenye klasta. Hizi ni kampuni binafsi zilizoanza kupewa maeneo ya pamba mwaka 2017. Humkopesha mkulima mbegu, mbolea na mafuta ya trekta, hununua pamba yake, huichambua, na nyingi huisokota nyuzi hapohapo nchini. Wanaozitetea wana hoja nzito. Zamani nchi iliuza marobota ya pamba ghafi, na faida ikabaki kwa wenye viwanda vya nje. Halafu kuna jambo la utu: kwa miaka mingi walimu, wauguzi na wanafunzi walisombwa kila msimu kwenda kuvuna, wakipangiwa kilo za kufikisha. Mwaka 2020 serikali ilifuta mgawo wa lazima wa pamba ambao mkulima alipaswa kuufikisha, na Machi 2022 mgomo wa makampuni ya nguo yaliyokuwa yakiikataa pamba ya Uzbekistan kwa sababu ya kazi hiyo ya kulazimishwa uliondolewa. Hayo si mafanikio madogo, na yamepatikana katika zama hizi za klasta.

Lakini tazama chakula cha nchi kinatoka wapi. Kinatoka kwa dehqon, mkulima mdogo mwenye kiwanja kinachopakana na nyumba yake, ambacho, kama kinamwagiliwa, sheria ya 1998 ilikiwekea kikomo cha hekta 0.35. Ng'ombe walio wengi sana wa nchi wamo mikononi mwa familia hizi, na sehemu kubwa ya mboga, viazi na matunda hutoka kwao, ilhali wameshika sehemu ndogo tu ya ardhi inayolimwa.

Ingia katika kiwanja kimoja cha bonde la Fergana, mashariki mwa nchi, uone. Mizabibu imetandazwa juu ya chanja na kuufunika ua mzima, na chini yake watu wanakaa kunywa chai. Nyuma kuna matuta ya nyanya na vitunguu, banda la ng'ombe mmoja au wawili, na pengine kibanda cha nailoni chenye miche iliyowahishwa ili iuzwe kabla ya wengine. Samadi inarudi shambani. Zao likitoka, jingine linaingia. Hakuna meneja wa kampuni anayeweza kuusimamia mraba wa ardhi kwa uangalifu wa mama anayeutegemea kulisha watoto.

Viongozi wenyewe walilijua hili zamani. Mwaka 1989, mambo yalipoanza kuharibika, uongozi wa Tashkent, mji mkuu, uliongeza viwanja vya familia, na viwanja hivyo ndivyo vilivyowavusha watu wa vijijini katika dhiki ya miaka ya 1990. Miaka ya karibuni pia serikali imetoa makumi ya maelfu ya hekta kutoka kwenye pamba na ngano ikawagawia wananchi. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa kuliko hotuba yoyote.

Udhaifu wa klasta ninaoona si ukubwa wake. Ni kwamba mkulima anakopeshwa na yuleyule atakayenunua pamba yake. Serikali imetamka kuwa kuchagua mnunuzi ni hiari, lakini mwenye deni la mbolea, tena aliyekodi ardhi inayoweza kurudishwa kwa dola, atakwenda wapi? Malipo yakichelewa, hana pa kushitakia pasipo hofu. Mgawo umefutwa, lakini mazoea ya kumwambia mkulima apande nini hayafutwi kwa tangazo.

Wanaopinga viwanja vidogo wana hoja moja isiyopuuzika, nayo ni maji. Maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yamekwisha kumwagwa kwenye pamba hadi bahari ya Aral, iliyolishwa na mito hiyo, ikakauka sehemu kubwa, na Afghanistan inachimba mfereji wa Qosh Tepa utakaochota sehemu ya Amu Darya. Vijisehemu elfu moja vyenye mifereji ya udongo hupoteza maji mengi, na familia moja haiwezi kutengeneza mfereji wa kijiji kizima. Hapo nakubali kwamba ushirika wa wamwagiliaji ni lazima. Ila ruzuku ya mabomba ya kumwagilia kwa matone imeelekezwa zaidi kwenye mashamba ya pamba. Ipelekwe kwa dehqon pia, pamoja na hati ya ardhi ya muda mrefu ambayo afisa wa wilaya hawezi kuifuta, ndipo tupime kwa haki nani anatumia tone la maji vizuri zaidi.