Ninyi wa Mikindani mliokuwa huru, na mimi wa Leicester

Nina wiki mbili barazani kwa mama mdogo, Mikindani, na kila anayepita kunisabahi ananipa pole ya safari na kejeli papo hapo. "Eti kule mlifungiwa ndani kama kuku?" Binamu yangu mvuvi ndiye kazidisha. Asubuhi akipita na nyavu begani ananiuliza kama nina kibali cha kukaa barazani.

Basi nijibu mara moja, kwa maandishi, halafu tuendelee na habari za bei ya korosho.

Kweli, corona ilipoingia, kule England tulifungiwa. Jioni ya 23 Machi 2020 Waziri Mkuu wao alitokea kwenye televisheni akasema watu wabaki majumbani. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo nilikuwa natoka kama kawaida: basi zima tuko watu wanne, barua ya mwajiri mkobani, mji umenyamaza kama mchana wa Ramadhani jua likiwa la utosi. Nilizoea. Kilichonitesa ni siku za kufunguliwa.

Maana England nzima ilifunguliwa 4 Julai. Saluni, baa, hoteli, na ruhusa ya kulala mahali pasipo kwako. Siku tano kabla, tukatangaziwa kwamba Leicester bado. Ramani ikachorwa, na mstari ukapita kwenye mitaa ya watu: huku umefungiwa, kule jirani anakwenda kunyolewa. Mwenzangu wa kazini alikuwa nje ya mstari, mimi ndani. Tulikuwa tunawageuza wazee walewale kitandani, tukivua aproni kila mtu anarudi kwenye sheria zake. Maduka yetu ya nguo yalifunguliwa 24 Julai, migahawa 3 Agosti. Nilikuwa nimeweka oda ya karavani ufukweni kwa ajili ya wanangu, na mwenyewe aliposikia tunatoka mji gani akasema samahani, Leicester hapana. Kwa adabu kabisa. Mtu mzima nikalia jikoni.

Katika siku hizohizo, 29 Julai, nilitazama kwenye simu maziko ya Mzee Mkapa kule Lupaso, Masasi. Watu bega kwa bega, wengine juu ya miti, kina mama na kanga zao. Nisidanganye, niliwaonea wivu. England maziko yalikuwa na kikomo cha watu 30, na miezi ya mwanzo hata hao wasingeruhusiwa. Tulizika wazee wetu wa kazini watoto wao wakiwa wamesimama mbalimbali kama watu wasiojuana. Kabla ya hapo walikuwa wanakuja kusimama bustanini, nje ya dirisha, wanapunga mkono. Kuna bibi mmoja hakuelewa kwa nini binti yake hataki kuingia ndani. Alikufa akiwa amemkasirikia. Hilo mnaloniuliza la kuku silijali. Hili la bibi bado linanirudia usiku.

Mwaka uliofuata walifungua kwa hatua, na hatua zilitangazwa mapema hata mwanangu wa miaka tisa akazikariri. 29 Machi mnakutana nje watu hadi sita. 12 Aprili saluni, na nyumba za likizo za kujitegemea kwa watu wa kaya moja tu. 17 Mei hoteli, na kukaa ndani ya mgahawa. 19 Julai karibu yote yakaondolewa. Tulikwenda Skegness hiyo Aprili, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, na wanangu wakashangilia kana kwamba tunavuka bahari. Bahari yenyewe ina rangi ya chai ya maziwa na baridi inayouma mifupa. Watu walikuwa wamekaa mchangani na makoti, wanakula chipsi na samaki waliotiwa siki, wana furaha usoni utadhani ni Idd. Mimi mtoto wa hapa, niliyejifunza kuogelea maji ya uvuguvugu, niliingia hadi magotini na kushukuru.

Sasa safari ya kuja huku. Dar hadi hapa ni karibu kilomita 550, na hakuna aliyeniuliza naishi na nani wala natoka mtaa gani. Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Pale kituoni palikuwa na ndoo ya kunawia mikono, ile ya maji tiririka, koki imekauka na juu yake mtu kaweka mfuko wa machungwa. Barakoa niliyahesabu manne, pamoja na langu. Kufika Kibiti yamebaki mawili, na moja liko kidevuni. Tukavuka Rufiji kwenye daraja lenye jina la Mkapa, dereva akipunguza mwendo kila akihisi tochi ya trafiki, konda akatangaza kuchimba dawa, tukashuka kila mtu na kichaka chake. Nangurukuru tukala. Pale Mingoyo, gari za Masasi zinakokata kona, mama mmoja aliyelala begani kwangu akaamka, akanishukuru, akashuka na kuku wake. Mtu nisiyemjua kalala begani kwangu saa nzima! Leicester ingekuwa kesi.

Nilifurahi, tena sana. Lakini binamu yangu akidhani furaha hiyo ndiyo hoja, ndipo tunapotofautiana.

Nilimuuliza: wangekufunga kweli, ungefanyaje? Akacheka. "Nani angenilipa, samaki changu au pono?" Hapo kasema. England mtu aliyesimamishwa kazi alilipwa na serikali asilimia 80 ya mshahara, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, akae nyumbani aangalie televisheni. Anayekula alichokivua asubuhi humwambii akae ndani miezi mitatu. Atakaa na nini? Kwa hiyo sijawahi kuwalaumu watu wa kwetu kwa kutofungiwa, na wale wenzangu wa ughaibuni waliokuwa wanaandika kwamba Tanzania ifungwe kama Ulaya, wakiwa wanaandika hayo huku mshahara unaingia, nao walinikera. Kumfungia mtu kunahitaji fedha, na fedha hatuna.

Ila kumwambia mtu kuna wagonjwa wangapi kunahitaji fedha gani? Takwimu za mwisho mlizopewa ni za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020: wagonjwa 509. Baada ya hapo kimya, zaidi ya mwaka. Kule kila jioni nilikuwa nasikia idadi ya waliokufa, inatisha, nazima, nikijua kesho niogope kiasi gani. Huku mliachwa mkisie. Na mtu akikisia hukisia linalompendeza. Nyungu ilikuwa nzuri, mwarobaini na mchaichai, sina ugomvi nayo, mama yangu alitufukiza tangu utotoni. Lakini mtu alijifukiza kwa ugonjwa ambao haruhusiwi kuutaja.

Februari mwaka huu wa 2021 mama mkubwa akaugua. Kwenye kikundi cha ukoo wakaandika "changamoto ya upumuaji". Siku ya pili, "anaendelea vizuri". Siku ya tano, innalillahi. Wiki hiyohiyo watu waliandika changamoto hiyohiyo kutoka Lindi, kutoka Newala, kutoka Dar, utadhani pumzi ilikuwa imeadimika kama sukari. Mimi nililiona neno nikajua, maana nimelishika kwa mikono yangu mwaka mzima. Nikaandika: asiguswe bila glavu, msijazane chumbani. Mjomba mmoja akanijibu kwamba nimeshakuwa Mzungu.

Kuja kuzika sikuweza. Tanzania ilikuwa imewekwa na Uingereza kwenye orodha nyekundu, ya nchi zilizozuiwa kwa ajili ya corona, tangu Januari, na kuanzia 15 Februari kurudi England kutoka nchi ya orodha hiyo kulitaka ulale hotelini siku kumi kwa gharama yako, pauni 1,750 kwa mtu mmoja. Zaidi ya milioni tano za kwetu, tiketi mbali. Kwa mshahara wa kulisha wazee! Mlango ulifunguliwa 11 Oktoba, na mimi nikakata tiketi wiki hiyo. Nimekuta kaburi lina majani.

Jumatano iliyopita nilimpeleka mama mdogo kuchanjwa. Alikuwa amekataa tangu chanjo zianze kutolewa Julai. Aliposikia mimi nilichanjwa mapema mwaka huu na bado nina meno yangu yote, akasema twende, lakini tupite njia ya nyuma, asimwone mtu. Meza ilikuwa chini ya mwembe, foleni ya watu saba. Nesi akamuuliza jina, umri, kama ana presha, kama chanjo yoyote iliwahi kumdhuru. Halafu, kama kwa kuzungumza tu huku akitafuta kalamu, akamuuliza kama huu ugonjwa ulishafika nyumbani kwao.

Mama mdogo akatengeneza mtandio. Nikajua atasema hapana, ndivyo wanavyosema wote.

"Dada yangu," akasema.

Nesi akaacha kutafuta kalamu, akamwangalia. "Pole, mama. Lini?"

"Februari."

Akamchoma, akamwonyesha benchi, akamwambia akae dakika 15 kabla ya kuondoka. Nikakaa naye. Wakati wa kurudi tulipita njia ya mbele.